Ishirini na Moja kwa Wote

16 Septemba 1957, siku ya kwanza

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane, na manjanja, yale mabati ya paa la pavilioni yetu ya wagonjwa wa kifua, yakapiga kelele mpaka tukashindwa kusikilizana. Ndipo Docteur Lenaerts alipotuita ofisini mwake, mimi na Floribert. Ana miezi miwili tu hapa Bukavu na ngozi ya pua bado inambambuka kwa jua.

Alitupa karatasi zilizopigwa mashini, maswali kumi. Alisema, kwa Kifaransa chake cha polepole: “Tunapima uzito, tunapima homa, tunatafuta vijidudu kwenye makohozi kwa darubini. Lakini hakuna anayewauliza wanaishi namna gani. Mgonjwa anaweza kuongeza kilo tatu na maisha yake yasiwe maisha bado.”

Maswali ni haya: usingizi, chakula, pumzi, maumivu, kutembea, kujiosha, kazi ya mikono, kuongea na wenzake, woga, na la kumi, anaingojea kesho kwa moyo gani. Kila jibu lina namba, kuanzia zero, ambayo ni mbaya kabisa, mpaka nne. Jumla ni arobaini. Tutauliza kila siku ya kwanza ya juma, yaani Jumatatu.

Floribert alikunja karatasi zake akazitia mfukoni kama mtu aliyeambiwa afagie tena chumba alichokwisha kufagia. Ana miaka kumi na tisa katika kazi ya infirmier, ya uuguzi, na hakuna kinachomfurahisha. Mimi nilifurahi. Miaka mitano nimewaosha wagonjwa wa kifua na kuwachoma sindano, na hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza wanasema nini. Nimeanza kaye hii, daftari langu, ili nisisahau.

23 Septemba

Siku ya kwanza ya maswali. Wanawake kumi na wanne ni wangu. Wanaume kumi na wanane ni wa Floribert, isipokuwa muzee Bulonza. Yeye amesema atajibu kwangu tu, kwa sababu mama yangu ni Mrega wa Mwenga kama yeye. Alichimba dhahabu miaka ishirini na miwili. Vumbi la mawe lilimkaa mapafuni, kisha kifua kikuu kikaingia juu yake.

“Papa Bulonza, unalala namna gani?”

“Nalala ku kitanda.”

“Nauliza usingizi. Kama iko muzuri kabisa, unasema nne. Kama haiko hata kidogo, zero.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, kule ku mugodi walikuwa wanapima mawe. Sasa wanapima usingizi?” Akafikiri kidogo. “Andika moja. Manjanja iko na tundu, maji inanidondokea ku shingo.”

Jumla yake: kumi na saba.

24 Septemba

Docteur alisoma maneno niliyoandika chini ya namba. Asubuhi hii alikuja mwenyewe, akatazama tundu, akaamuru kitanda cha Bulonza kisogezwe karibu na ukuta. Tangu mvua ianze mzee yule analowa chini ya tundu lile na hakuna aliyejua. Hata mimi.

30 Septemba

Bulonza, usingizi: tatu. Jumla: ishirini na nne.

7 Oktoba

Leo niandike zaidi, maana moyo umejaa.

Kitanda cha sita ni cha Adolphine, mama wa Mumosho, miaka thelathini hivi. Mapafu yake yanapona. Homa imeshuka, uzito umepanda, na darubini mwezi huu haikuona kitu. Lakini mtu huyu haongei. Anageukia ukutani, chakula kinapoa mbele yake. Wiki mbili alinijibu kwa vidole tu, kidole kimoja, vidole viwili.

Leo nilipofika kwa swali la kumi na kumuuliza: “Maman Adolphine, kesho, unaingojea na moyo gani?” hakuinua kidole. Alinitazama.

“Hii karatasi, nani anaisoma?”

“Docteur. Peke yake.”

“Haiendi kwa bwana yangu?”

“Hapana, maman.”

Ndipo akaniambia. Mumewe ameoa mwingine, ameweka yule mwanamke katika nyumba ambayo yeye Adolphine aliipaka udongo kwa mikono yake. Habari ililetwa na mtu wa soko. Sasa kila asubuhi akiamka na kuona kwamba anapumua vizuri, anakasirika. “Napona sababu gani, maman Virginie? Napona niende wapi?”

Nikamshika mkono. Akalia, na baadaye akala bugali yote. Niliandika zero kwa swali la kumi, zero kwa chakula, moja kwa usingizi, na chini yake nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Jumla: kumi na tatu.

Nilitoka pale nikijiona munganga wa kweli.

14 Oktoba

Adolphine: kumi na nne. Ameomba sindano ya kushonea. Bulonza: ishirini na nane, na ananiita binti yake mbele ya watu.

21 Oktoba

Mvua kila siku. Matope mpaka mlangoni.

28 Oktoba

Kamio mbili, malori makubwa, zimefika kutoka mgodini zimejaa wagonjwa. Kumi na tisa, wote wanatema damu. Vitanda vyetu ni thelathini na viwili na hakuna kilicho wazi. Wamelazwa kwa muda katika chumba cha kufulia.

Docteur amekaa ofisini na bwana mmoja wa utawala tangu saa tatu mpaka saa sita. Kisha Floribert akatumwa achukue karatasi zetu zote za maswali.

“Wanazitaka za nini?” nikamuuliza.

“Sikuuliza,” akasema.

4 Novemba

Wanawake watatu wameondoka leo na kamio ya hospitali: kitanda cha pili, cha tisa, na cha kumi na moja. Wameambiwa waende kumalizia kupona nyumbani. Yule wa kitanda cha tisa hawezi kutembea mpaka choo.

Nilifikiri sana, nikachukua karatasi zangu za wiki iliyopita zilizorudishwa. Kitanda cha pili: kumi na moja. Cha tisa: nane. Cha kumi na moja: kumi na nne. Pembeni ya kila namba iliyo chini ya kumi na tano kuna alama ndogo ya penseli nyekundu.

Adolphine wiki ile alikuwa kumi na sita. Hana alama.

Wote watatu ni wanawake wangu. Kwa wanaume wa Floribert hakuna hata mmoja aliyeondoka. Sielewi.

5 Novemba

Nilimuuliza Docteur kama namba ndizo zimewaondoa. Alisema: “Wale ambao matibabu hayabadilishi maisha yao, lazima wawaachie nafasi wale ambao yatayabadilisha.” Alisema akiangalia dirishani. Nilisema ndiyo, Docteur.

11 Novemba

Bwana wa mgodi amekuja akiwa na orodha. Anatafuta wafanyakazi waliopata zaidi ya thelathini, kwa sababu hao, anasema, wanaweza kurudi kazini. Amepata mmoja tu katika pavilioni nzima: Bulonza, thelathini na moja. Mimi ndiye niliyeandika hiyo thelathini na moja, wiki iliyopita, na nilichora msitari chini yake kwa furaha.

Atarudi mgodini. Lakini barabara ya Mwenga imekatwa, mlima umeporomoka, kwa hiyo wanangoja.

Nilipofika kwake na karatasi, hakucheka.

“Mwanangu, niambie. Namba gani inarudisha mutu kwake kufa? Na namba gani inamurudisha chini ya udongo?”

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa ili asikie.

Nikamwambia kwa Kirega, sauti ya chini. Chini ya kumi na tano. Juu ya thelathini.

“Basi,” akasema, “usingizi, mbili. Chakula, mbili. Pumzi, mbili. Yote mbili. Andika.”

Nikaandika ishirini. Docteur alishangaa alivyoshuka, akasema aendelee kubaki.

Adolphine hakuwa na mtu wa kumwambia kwa Kirega. Yeye ni Mushi, na lugha yao, Mashi, naijua vizuri, lakini sikumwambia. Nilijiambia kwamba mapafu yake yanapona, kwamba Docteur atasoma maneno ya chini. Leo alikuwa amesikia kwamba yule mwanamke mwingine ana mimba. Aliniambia kila kitu, kama kawaida yetu. Kumi na mbili.

12 Novemba

Ningeweza kuandika kumi na sita. Ni namba nne tu.

18 Novemba

Adolphine ameondoka.

Kamio ilisimama mlangoni, mvua ikipiga turubai. Alikuwa amefunga vitu vyake katika kitambaa alichokishona mwenyewe hapa. Alinitafuta kwa macho, akanijia, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikamuona anacheka.

“Maman Virginie, nimepona?”

Nilikuwa na beseni mkononi.

“Docteur amesema uende,” nikasema.

“Basi nimepona! Aksanti, maman. Aksanti sana. Nitaenda kwa dada yangu Monique, kule kwa bwana sirudi tena.” Akanishika mikono yote miwili, beseni likaanguka.

Hakupewa vidonge hata kimoja. Wanaoondoka hawapewi.

Mchana mwanamke wa kitanda cha nane aliniambia yuko vizuri, usingizi nne, chakula nne, yote nne. Homa yake ilikuwa thelathini na tisa. Hakunitazama usoni. Nilisikia wanawake wakiongea nilipokuwa nje ya dirisha: “Usimuambie ile maman kitu. Anakuuliza na huruma, kesho kamio iko ku mulango.”

24 Novemba, siku ya Yenga

Baada ya misa nimeenda Mumosho. Nilipanda kamio ya mfanyabiashara wa ndizi mpaka njia panda, kisha nikashuka kwa miguu kuelekea upande wa Ruzizi. Utelezi ni mwingi, nilianguka mara mbili.

Nyumba ya Monique ina chumba kimoja. Monique, mumewe, watoto wanne, na Adolphine. Nilimkuta amelala mkekani nyuma ya mlango. Wiki haijaisha na mashavu yake yamekwisha kuingia ndani. Homa imerudi. Mtoto mdogo wa Monique alikuwa amelala mgongoni mwake kwa ajili ya joto.

Monique alinikaribisha vizuri, akanipa kiti cha pekee cha nyumba. “Munganga ametembea mbali hivi! Walituambia amepona. Ni uongo?”

Nikamwambia amwondoe mtoto pale. Nikamwambia juu ya kikombe na sahani za peke yake, na dirisha liachwe wazi. Kila neno lilikuwa linaingia katika uso wa yule mwanamke kama sindano. Alikwenda akamchukua mtoto.

Adolphine alikuwa ananiangalia wakati wote.

“Ni ile karatasi?” akauliza.

Nikasema ni karatasi.

“Nilikuambia mambo ya roho yangu. Siyo ya kifua. Kifua kilikuwa kinapona, wewe mwenyewe ulisema.” Akapumzika, pumzi ilikuwa fupi. “Ulisema Docteur anasoma peke yake.”

“Nilisema.”

“Na wewe ulijua lini?”

Nikamwambia ukweli, kwamba nilijua juma mbili kabla. Aligeukia ukutani, kama siku zile za kwanza.

Njiani nilikosa kamio. Nilitembea na mvua mpaka Bukavu.

25 Novemba

Niliingia ofisini kwa Docteur bila kubisha. Sijawahi kufanya hivyo.

“Docteur, Adolphine analala na watoto wa dada yake, na homa imerudi.”

“Jumla yake ilikuwa kumi na mbili.”

“Ile kumi na mbili ilikuwa huzuni. Mumewe ameoa. Niliandika pale chini. Haikuwa mapafu!”

Akavua miwani, akajisugua macho, na nikaona kwamba hajalala vizuri tangu siku nyingi. “Waliniuliza nani hafaidiki,” akasema. “Kila mara walitaka jibu siku ileile. Juu ya meza nilikuwa na karatasi zenu tu. Zako, Virginie, zimeandikwa vizuri sana. Maneno ya chini sikuyasoma. Nilijumlisha.”

Kisha akanisogezea rundo lote. “Juma lijalo wanakuja wengine wanne. Kama hutaki namba, basi chagua wewe. Unawajua. Nipe majina manne.”

Nilikaa pale na lile rundo magotini. Nilisoma majina yote thelathini na mawili, nikaona uso wa kila mmoja. Sikuweza. Nilirudisha karatasi mezani nikatoka, na aibu yangu ilikuwa mpya: nilikuwa nimekuja kumhukumu.

2 Desemba

Asubuhi Floribert alinifuata katika dépôt, stoo ya mashuka, akafunga mlango.

“Umeandika ngapi leo?”

“Bado.”

“Andika ishirini na moja.”

“Kwa nani?”

“Kwa wote. Mimi naandika hivyo tangu mwezi wa kumi, siku ile waliponituma kuchukua karatasi. Yule wa juu namshusha, yule wa chini namwinua. Ishirini na moja haimuondoi mutu.”

Nilimtazama. Miaka mitano nimemwona akivuta miguu, akijibu wakubwa kwa neno moja, na nilisema moyoni kwamba mtu huyu amechoka na wagonjwa. “Nilifikiri hujali,” nikasema.

“Endelea kufikiri hivyo,” akasema. “Na wengine waendelee kufikiri.”

“Mbona hukuniambia? Watatu wangu, na Adolphine...”

Aliinamisha kichwa. “Ulikuwa unampenda sana Docteur. Niliogopa utamwambia.”

Na kweli, mwezi wa kumi ningemwambia.

Nimeandika ishirini na moja kwa wote.

3 Desemba

Docteur alipindua karatasi moja moja, zote thelathini na mbili. Alitutazama mimi na Floribert. Ameamuru magodoro manne ya wagonjwa wapya yatandikwe kwenye baraza. Upepo ukitoka ziwani mvua inawafikia miguuni.

9 Desemba

Ishirini na moja kwa wote. Sasa siulizi hata maswali. Napita tu na penseli, nao wananiambia “mbili, mbili” kabla sijakaa. Bulonza alisema mbili kwa yote kumi, na mimi nikaongeza moja kwa swali la kesho ili ilingane na wengine. Hatukuongea Kirega. Alikuwa amejifunika mpaka kidevuni na nilikuwa na haraka.

12 Desemba

Bulonza amekufa leo saa moja asubuhi.

Nilikuwa nagawa uji. Alikaa kitandani ghafla, akafungua mdomo kama anayetaka kuniita, na damu ikatoka badala ya jina. Floribert alimshika mabega, mimi nilikimbilia Docteur. Tuliporudi ilikuwa imekwisha. Haikuchukua hata dakika tano.

Chini ya kitanda, nyuma ya viatu vyake, tulikuta kopo la maziwa lililofunikwa kwa kitambaa. Limejaa damu. Iliyo chini imekauka, nyeusi. Iliyo juu ni ya jana. Siku sita, saba labda, alikuwa anatema humo na kulificha ili asishuke chini ya kumi na tano.

Docteur aliliinua akalitazama muda mrefu.

“Siku ya kwanza ya juma hili aliulizwa?”

“Ndiyo, Docteur.”

“Alijibu ngapi?”

“Ishirini na moja.”

“Alijibu, au uliandika?”

Floribert alitaka kusema, nikamtangulia. “Tuliandika. Kwa wote. Tangu juma mbili.”

Nilingoja anifukuze. Alikaa juu ya kitanda tupu cha jirani, kopo mikononi, na akasema tu: “Damu ya siku ya kwanza tungeweza kuitibu.”

Mimi ndiye niliyemwambia mzee yule namba za kusema.

13 Desemba

Tumemzika. Mvua.

16 Desemba

Docteur ametuita. Ameandikia wakubwa kwamba karatasi za maswali hazitatoka tena pavilioni. Atakayeondoka ataondoka kwa picha ya mapafu na kwa darubini, na ataondoka na vidonge vya miezi miwili. Karatasi zitakaa katika kabati, ufunguo kwangu. “Tutauliza tena kwa kweli,” alisema, “na tutajibu kwa matendo, kama tulivyofanya na lile tundu.”

Floribert alimuuliza kama wakubwa watakubali.

“Mwezi wa pili nahamishwa,” Docteur akasema. “Mpaka pale, watakubali.”

23 Desemba

Nimekwenda Mumosho na kamio ya hospitali kumrudisha Adolphine. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alisimama, akashika ukuta, akajifunga kitambaa chake. Monique alimbeba mpaka kwenye kamio mgongoni, amekuwa mwepesi hivyo. Tumemchukua pia yule mtoto mdogo apigwe picha. Anakohoa.

Njia nzima nilikuwa nimeketi karibu na Adolphine chini ya turubai. Nilimwomba msamaha kwa Mashi. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mkubwa.

30 Desemba

Picha ya mtoto: kuna doa upande wa kuume. Ameanzishwa sindano.

13 Januari 1958

Leo nimeanza tena maswali. Nilimwomba Docteur ruhusa niingie bila karatasi wala penseli, mikono mitupu, waone. Akakubali.

Nilisimama katikati ya chumba cha wanawake nikawaeleza yote. Kwamba hakuna kamio. Kwamba hakuna namba inayotoka nje ya mlango ule. Niliwaambia kuhusu Bulonza na kopo lake. Walinisikiliza vizuri, hakuna aliyegeuka.

Kisha nikaketi kwa Adolphine. Midomo yake ilikuwa imekauka, mishipa ya shingo ikivuta kila pumzi.

“Maman Adolphine, umelala namna gani?”

“Muzuri, maman.”

“Na pumzi?”

“Muzuri kabisa.”

“Hakuna mtu anayeandika. Angalia mikono yangu.”

Aliiangalia. “Naona, maman. Aksanti. Niko muzuri.”

Nikaenda kitanda cha saba. Muzuri. Cha nane. Muzuri, maman. Nikapita vitanda vyote kumi na vinne, na wanawake kumi na wanne wako vizuri. Hapo ndipo nikasikia namna chumba kilivyonyamaza. Mvua tu juu ya manjanja. Katika pavilioni ya kifua, tangu nilipoingia, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekohoa. Niliwaona wamefunga midomo, macho yamewatoka, machozi yanawalenga, shuka zimekamatwa kwa ngumi.

Nikainuka haraka, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Sikuwa nimeachilia kitasa bado walipoanza kukohoa, wote kwa pamoja.